Somo: Digrii si ya Sayansi, Je, Udaktari Wawezekana?



Tuseme binti yenu amemaliza digrii ya historia kule Marekani. Sasa anataka udaktari, na wazazi wanaomba harambee. Je, aanze digrii upya? Hapana.

Kwetu Kenya mtu huingia udaktari akitoka sekondari. Kule kwa kawaida humaliza digrii kwanza, hata ya historia. Ila masomo haya lazima yawepo:

1. Baiolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia, pamoja na kazi ya maabara. Vyuo vingi hudai pia baiokemia.
2. Asome yale anayokosa tu. Huchukua kama miaka 1 hadi 2, maana kemia ya kaboni haianzwi kabla ya kemia ya kwanza.
3. Afanye mtihani wa MCAT, kisha aombe nafasi. Udaktari wenyewe ni miaka 4.

Tahadhari: vyuo vingi vya udaktari huko havipokei mgeni asiye na kibali cha kudumu. Aulize hilo kabla hamjauza ng'ombe.

Ya kujadiliana: Binti amebakiza masomo gani? Ana kibali? Tukichanga leo, miaka 4 ya mbele italipwa na nani?