Nguo Pana Kwenye Jua la Garissa

Saa saba mchana jua la Garissa liko utosini, na wanawake wanaouza maziwa ya ngamia sokoni wamejitanda jilbabu pana kutoka kichwani hadi vifundoni. Nyingine ni nyeusi tititi. Mgeni aliyezoea baridi ya Nyeri, amevaa fulana ya mikono mifupi, hujiuliza wanastahimili vipi. Swali lake ni zuri, ila jibu linaanzia kwenye mwili, si kwenye nguo.

Mtu aliyetulia huzalisha joto la takriban wati 100, na joto hilo sharti litoke. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, hutoka lenyewe. Ngozi ina nyuzijoto kama 35. Mchana wa Garissa hewa hufika hapo, siku nyingine ikapita. Njia hiyo ikifungwa, linabaki jasho. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini huondoka na jouli milioni 2.4. Lakini lazima ikauke: jasho linalochuruzika hadi chini ni maji yaliyopotea bure. Na ili likauke, hewa iliyoshiba mvuke iondoke karibu na ngozi, ije nyingine kavu.

Kisha kuna jua lenyewe. Hapa karibu na Ikweta, adhuhuri isiyo na mawingu hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo nguo ina kazi mbili zinazovutana, kuzuia jua na kupitisha hewa. Mitindo ya karne ya 20 ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya naisoma kwa kazi hizo mbili, hata pale ambapo aliyebadilisha vazi alikuwa akifikiria dini, soko au heshima.

Mwanzoni mwa karne wafugaji wa Kisomali walivaa pamba. Mwanamke alijifunga guntiino, kitambaa kirefu, mara nyingi merikani nyeupe, fundo likiwa juu ya bega moja na kiuno kimekazwa. Bega la pili lilibaki wazi. Mwanamume alijitanda shuka. Pamba hupenda maji: selulosi yake huyashika, hata uzi unaoonekana mkavu hubeba unyevu wa asilimia 7 au 8 ya uzito wake.

Msichana alisukwa nywele, na akiolewa alifunika kichwa kwa kitambaa kiitwacho shaash. Vijana wachungaji walifuga nywele nyingi wakazipaka samli. Hapo palikuwa na manufaa ambayo yalipimwa baadaye sana. Mwaka 2023 Tina Lasisi na wenzake walichapisha majaribio ya sanamu lililopashwa joto kama mwili na kuvishwa nywele za bandia. Nywele za aina zote zilipunguza joto la jua linalofika kwenye ngozi ya kichwa, lakini za kipilipili zilishinda zote. Jua huishia juu ya msokoto, mbali na ngozi. Kijana aliyepelekwa shule akanyolewa alipoteza mwavuli huo.

Nguo zenyewe nazo zilibadilika. Mwaka 1941 huko Uingereza, John Whinfield na James Dickson walivumbua poliesta. Uzi wake hushika unyevu wa asilimia 0.4 tu. Dondosha tone la maji kwenye leso ya pamba iliyozeeka: linaenea na kutoweka. Lidondoshe kwenye poliesta iliyofumwa kwa kubana, na mara nyingi utaliona limesimama mviringo. Hata hivyo dera jepesi la poliesta lilipendwa, na ninaona kwa haki, kwa sababu ni pana na hewa hupenya. Jilbabu zilienea kwa mwamko wa kidini wa miaka ya 1970 na 1980, na zaidi baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi walipofika kambi za Dadaab na wafanyabiashara walipoigeuza nyumba ya wageni ya Garissa Lodge, mtaani Eastleigh jijini Nairobi, kuwa soko la nguo.

Je, weusi? Mwaka 1980 Amiram Shkolnik na wenzake walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyopima kanzu nyeusi na nyeupe za Mabedui katika jangwa la Negev. Nyeusi ilinyonya joto zaidi, lakini lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa. Joto la ziada liliishia kwenye kitambaa, na hewa iliyokuwa kati ya kanzu na mwili ikalichukua, ikipanda kama moshi kwenye dohani.

Kwa hiyo upana ndio unaobeba kazi kubwa, na rangi hufuata nyuma. Vaa jinzi ya mitumba inayobana chini ya jilbabu, na ile nafasi ya hewa imekwisha kuzibwa miguuni. Upepo nao una sehemu yake: ndani ya kibanda cha mabati kisicho na dirisha, hewa ikisimama, jilbabu ya poliesta hulowa haraka hata ikiwa pana kiasi gani, na hapo kitambaa cha pamba, ingawa ni kizito na hukunjamana, ndicho ningekichagua.