Simu Yako Ilikunywa Maji Kabla Hujainunua

Fungua droo katika nyumba nyingi hapa Eldoret na utakuta simu iliyozimika, chaja mbili tatu zisizofanya kazi, redio ya zamani na pengine betri iliyovimba. Hatuvitupi vifaa hivi kwa sababu tulivinunua kwa jasho, na hatuvitumii kwa sababu vimeharibika. Somo la toleo hili linafuata safari ya kifaa kama hicho kutoka kiwandani hadi kwenye droo hiyo, ili kila mkazi ajue madhara hutokea wapi na yeye mwenyewe anaweza kuyapunguza vipi.

KIWANDANI

Ndani ya kila simu, mita ya umeme wa tokeni, kamera ya ulinzi na sola ya kulipia kidogo kidogo, kuna chipu. Hiki ni kijipande cha silikoni ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko ukucha, nacho ndicho kinachofanya hesabu na kutunza kumbukumbu. Kukitengeneza huchukua mamia ya hatua, na katikati ya hatua hizo huoshwa tena na tena kwa maji safi kupita kiasi, kwa sababu chembe moja ya vumbi yaweza kukiharibu.

Taiwan ndiko iliko kampuni ya TSMC, inayotengenezea kampuni nyingine chipu nyingi kuliko yeyote duniani. Mwaka 2019 ilitumia takriban tani 156,000 za maji kila siku, yaani lita milioni 156. Ukame ulipokikumba kisiwa hicho mwaka 2021, serikali ilisimamisha unyunyiziaji katika makumi ya maelfu ya hekta za mashamba ili miji na viwanda visikauke. Wakulima walilipwa fidia, lakini hawakupanda. Mkulima wa mahindi wa Ziwa au wa ngano wa Moiben hahitaji kuelezwa maana ya msimu usiopandwa.

Mbali na maji, viwanda hivi hula umeme mwingi na hutumia gesi zinazoongeza joto duniani. Moja yake, iitwayo nitrojeni trifloridi, hunasa joto zaidi ya mara 16,000 kuliko kiasi sawa cha kaboni dioksidi.

Juhudi za kurekebisha zipo. Mwaka 1999 watengenezaji wa chipu duniani walikubaliana kupunguza gesi za kundi hilo kufikia mwaka 2010, na lengo lao likatimia. Leo viwanda vingi huchoma gesi hizo kwa joto kali kabla hazijatoka nje. TSMC husafisha na kurudia kutumia sehemu kubwa ya maji yake, na imeahidi kutumia umeme wa nishati jadidifu pekee kufikia mwaka 2040. Hata hivyo, dunia inataka chipu nyingi zaidi kila mwaka. Akiba inayopatikana kwa chipu moja yaweza kumezwa na wingi wa chipu mpya.

Jambo hili si la Taiwan peke yake. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited tayari inafanya kazi ya chipu. Kenya ikitaka viwanda hivi vikue, swali la maji na maji taka linafaa kuulizwa mapema, kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.

MKONONI

Ripoti za watengenezaji wa simu, kama Apple, zinaonyesha kuwa takriban asilimia 80 ya hewa chafu ya simu katika maisha yake yote hutokana na kuitengeneza. Kuichaji huongeza kidogo tu, hasa hapa Kenya ambako umeme mwingi hutoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo.

Kwa hivyo, njia kubwa zaidi aliyo nayo mkazi ya kupunguza madhara ni kuitumia simu kwa muda mrefu. Tufanye hesabu. Familia yenye simu nne, inayozibadilisha kila baada ya miaka miwili, itanunua simu 16 kwa miaka minane. Ikizibadilisha kila baada ya miaka minne, itanunua nane. Simu nane hazikutengenezwa, na pesa zake zimebaki nyumbani.

Hapo ndipo fundi wa simu anapokuwa mlinzi wa mazingira. Kila kioo anachobadilisha na kila betri anayoweka upya ni simu moja iliyookolewa. Sheria za Ulaya zimeanza kumsaidia fundi: tangu Juni 2025, simu mpya zinazouzwa huko lazima ziwe na vipuri kwa miaka saba baada ya mtindo kuacha kuuzwa.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kuwa ilikusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nyingine huishia kwenye majalala, ambako nyaya huchomwa ili kupata shaba. Moshi wake una sumu, na mvua husomba risasi na metali nyingine hadi mitoni. Kwetu, mto ulio karibu ni Sosiani.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari karibu na nyumba zao kiliwaachia sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo mwaka 2024.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mtu kutenganisha taka zake. Kanuni za mwaka 2024 zinawataka watengenezaji na waagizaji wa bidhaa, zikiwemo za kielektroniki, kujisajili na NEMA na kugharamia bidhaa zao zinapogeuka taka.

UNACHOWEZA KUFANYA

1. Kabla ya kununua simu mpya, muulize fundi bei ya kutengeneza ya zamani.
2. Usichome nyaya, chaja wala betri, hata kwa ajili ya shaba.
3. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuichaji. Iweke mbali na joto na watoto.
4. Kabla ya kutoa simu, toa laini na ufute picha na taarifa zote.
5. Kusanyeni vifaa vibovu kupitia shule, kanisa, msikiti au chama, kisha mvipeleke pamoja kwa wachakataji wenye leseni ya NEMA, kama WEEE Centre ya Nairobi. Mzigo mmoja mkubwa ni nafuu kusafirisha.

MASWALI YA KUJADILI

Nyumbani kwenu kuna vifaa vingapi vibovu? Vingapi vinaweza kutengenezwa? Na kiwanda cha chipu kikitaka kujengwa karibu nasi, mngeuliza nini kwanza kuhusu maji?