Ramadhani, Siku ya 11: Mwaka Wako wa Zaka Unaanza Lini?



Mwaka 2015 tulifunga Juni na Julai. Mnaikumbuka ile baridi: unaamka kula daku, maji ya kutawadha utadhani yametoka kwenye friji. Mwaka huu tumeanza Februari, mvua zinanyesha na mahindi bado yako shambani. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, wa Miladia una 365 au 366, basi Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itatujia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Hilo wengi tunalijua. Tunalolipita ni kwamba zile siku 11 zimo pia kwenye mali zetu.

Nianze na mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa natoa zaka tarehe 31 Desemba, kwa sababu ndiyo siku ninayofunga hesabu za duka. Nahesabu bidhaa, nahesabu fedha, natoa asilimia 2.5, nalala usingizi. Siku moja mzee mmoja msikitini akaniuliza, "Mwanangu, zaka yako unaitoa mwezi gani?" Nikamjibu, "Desemba, mzee." Akacheka. "Hiyo Desemba ni mfunguo wa ngapi?" Sikuwa na jibu.

(Kwa vijana: wazee wetu wanahesabu miezi tangu Ramadhani inapoisha. Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhulqaada Mfunguo Pili, hivyo hivyo mpaka Mfunguo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Maulidi yako Mfunguo Sita.)

Mzee alikuwa na haki ya kucheka. Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 189, inatufundisha kuwa miezi miandamo ndiyo vipimo vya nyakati zetu na vya Hija. Mwaka wa zaka ni huo wa mwezi.

Sasa tufanye hesabu. Miaka 32 ya Miladia inakaribia sana miaka 33 ya Hijria. Chukulia una duka Mwanjelwa, mali ilifika nisabu mwanzoni mwa 1994 na haijawahi kushuka. Ukatoa kila Desemba mpaka Desemba 2025. Umetoa mara 32, na ulitakiwa utoe mara 33. Yaani zaka ya mwaka mzima imekaa pale kwenye rafu, kati ya sabuni na mafuta ya kupikia, na si yako. Ni ya fakiri na maskini na wenzao waliotajwa.

Jua nalo lina kazi yake kwenye dini. Swala tano tunazifuata kwa jua. Na mkulima wa Ismani au Mbarali hangoji mwaka upite, haki ya mazao hutolewa siku ya kuvuna (Al-An'aam, 141), na mavuno yanafuata mvua. Mwenye duka na shamba ana hesabu mbili. Asizichanganye.

Ufanye nini basi? Tafuta tarehe ya Hijria ambayo mali yako ilifika nisabu. Kama huikumbuki, kadiria kwa uaminifu kisha uiandike. Wengi tunapenda kutoa Ramadhani, na ni vizuri, ila angalia: kama mwaka wako unatimia Shawwal, kutanguliza Ramadhani wanachuoni wengi wanaruhusu. Kama ulitimia Mfunguo Sita, kuiweka zaka miezi yote hiyo ukingoja Ramadhani ni kumcheleweshea mtu haki yake. Na yule ambaye hesabu za biashara zake zimefungwa na mwaka wa Miladia, hana namna, wapo wanachuoni wa zama hizi waliomwelekeza atoe asilimia 2.577 badala ya 2.5. Kwenye shilingi milioni 20 ni 515,400 badala ya 500,000. Hiyo 15,400 ndiyo zile siku 11.

Kuna na la nyumbani. Kwetu sisi Mashafii, mtoto asiyeonyesha alama za baleghe huhesabiwa amebaleghe akitimiza miaka 15, na hiyo ni miaka ya mwezi. Kwa kalenda ya ukutani ni miaka 14 na nusu hivi. Mama anasema, "Mwache ale, hajafika kumi na tano," kumbe kijana amefika tangu miezi mitano iliyopita, na kila siku aliyokula ni deni la kulipa.

Leo baada ya Tarawehe tutakaa kidogo msikitini. Njooni na tarehe zenu za biashara, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, tuzigeuze pamoja kuwa za Hijria. Wenye madeni ya zaka ya miaka ya nyuma, msione haya, mimi mwenyewe bado namalizia langu.