Kuunga Mishipi ya Aina Mbili kwa Fundo Lisiloteleza

Kambale aliyenaswa havutwi kwa upole. Hujizungusha majini na kupiga mkia, na nguvu yote hiyo huishia kwenye fundo. Mkazi wa Igamba anayeshuka kuvua Ziwa Rukwa huwa amekwisha kugharamia nauli, chambo na ndoana. Fundo likiachia, hukosa kitoweo, na samaki huondoka na chuma mdomoni.

Hatari huwa kubwa zaidi mshipi unapounganishwa kwa nyuzi za aina mbili. Uzi wa kusokotwa ni mwembamba na haunyumbuki, hivyo mvuvi huhisi mara moja chambo kinapoguswa. Uzi mzito wa nailoni hauonekani kwa urahisi majini na hustahimili kukwaruzwa na mawe. Ndio unaofaa upande wa ndoana. Fundo la kufungia mizigo halitoshi hapa, kwa kuwa uzi mwembamba huteleza juu ya mzito au huukata.

Fundo linalofaa huitwa Albright, kwa jina la Jimmie Albright, mwongoza wavuvi wa Florida, Marekani. Ncha ya uzi mzito hukunjwa ikawa kitanzi chembamba chenye urefu wa kidole. Uzi mwembamba hupitishwa ndani ya kitanzi hicho, ikaachwa ncha ya sentimita 25 hivi, kisha nyuzi zote tatu hubanwa kwa dole gumba. Ncha hiyo huzungushwa juu ya nyuzi hizo kuelekea kwenye mkunjo wa kitanzi, mara 10, mizunguko ikilala sambamba bila kupandana. Uzi ukiwa mwembamba sana, mara 15 ni salama zaidi. Hatimaye ncha hurudishwa ndani ya kitanzi na kutokea upande uleule ilikoingilia. Hapa ndipo wengi hukosea: ikitokea upande wa pili, fundo hulegea.

Kabla ya kukazwa, fundo sharti lilowanishwe. Msuguano mkavu huzaa joto, na nailoni iliyopata joto hupungua nguvu ingawa kwa macho huonekana nzima. Wakati wa kuvuta, uzi uviringishwe kwenye kijiti, si vidoleni, maana hukata ngozi kama wembe.

Jaribio lake ni jepesi. Ikiwa nyuzi zote mbili zimeandikwa kubeba kilo 20 au zaidi, ndoo yenye lita 10 za maji, yaani kilo 10 pamoja na uzito wa ndoo yenyewe, iinuliwe kidogo kutoka ardhini kwa mshipi huo. Fundo likisogea, lifungwe upya. Ni heri maji yamwagike uani.

Vipande vinavyokatwa virudi nyumbani mfukoni, kwani nailoni haiozi upesi na ndege hunasa miguu humo. Wanaovua kwa biashara wanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Utaratibu wake huelezwa na afisa uvuvi wa Halmashauri.