Kinu cha sombe na kinu cha Charleston

Vidokezo kwa mama, baba na shangazi wa Goma wenye mtoto katika mafunzo ya nyuklia ya jeshi la majini la Marekani

Siku mpwa wangu alipotuma sauti kwenye grupu ya familia kwamba amechaguliwa kusomea kinu, bibi yake alikuwa akichambua sombe. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Kumbe Amerika nako wanatwanga?" Tukamweleza kwamba ni kinu cha nyuklia, kile kinachosukuma nyambizi na meli za kubeba ndege. Hapo hakucheka tena. Aliuliza kama kitalipuka.

Familia za namna yetu si nyingi, lakini zipo. Mtoto aliondoka Kivu akiwa mdogo, akapita kambi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, akapokelewa Kentucky au Iowa pamoja na baba yake mdogo, akakua, akapata uraia, akavaa uniform. Waliobaki Mabanga, Katindo na Ndosho wanamfuata kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Haya ndiyo tuliyojifunza, mengi kwa kukosea.

1. Jua hatua, usije ukamlilia mtu aliye darasani

Kwanza ni kambi ya makuruti ya Great Lakes, Illinois, wiki tisa au kumi hivi. Anaruhusiwa kusema amefika, kisha simu inafungiwa. Wiki ya tatu ya kimya kile, mama mdogo wetu mmoja alikwisha kuanza novena. Gwaride la kuhitimu hurushwa mtandaoni, kwa hiyo nunueni mega mapema, msingoje asubuhi yenyewe.

Baadaye anakwenda Goose Creek, jirani na Charleston, South Carolina. Hapo kuna shule ya ufundi ya miezi mitatu hadi sita, kufuatana na kazi aliyopewa: mitambo, umeme au elektroniki. Inafuata shule ya nguvu za nyuklia, miezi sita. Halafu miezi sita mingine kwenye kinu cha kweli cha mazoezi, hapo hapo Charleston au Ballston Spa, New York. Ukiongeza siku za kusubiri foleni kati ya hatua na hatua, ni mwaka mmoja na nusu hadi karibu miwili. Mkataba wenyewe ni wa miaka sita, basi msianze kupanga harusi.

2. Hesabu saa kwa vidole

Charleston iko nyuma ya Goma kwa saa sita majira yao ya joto, na saa saba majira ya baridi. Wao hubadilisha saa zao Machi na Novemba, sisi hatubadilishi kitu. Ukipiga saa tatu asubuhi ukiwa na kikombe cha chai mkononi, kwake ni saa tisa usiku au saa nane, na kesho ana mtihani.

Sisi tuliweka Jumapili, saa mbili usiku ya kwetu, ambayo kwake ni mchana baada ya ibada. Simu inaegemezwa kwenye thermos juu ya kiti cha plastiki, bibi anakaa mbele, wengine tunabanana nyuma yake. Umeme ukiondoka, mmoja ana power bank. Mtandao ukizimia, mwingine ana SIM ya Rwanda, maana mawimbi ya Gisenyi yanavuka mpaka bila kuonyesha kitambulisho. Dakika ishirini zinatosha. Akisema anakwenda kulala, mwachie alale.

3. Alama zao si pursanti

Alituambia amepata 2.8. Shemeji yangu, mwalimu wa miaka mingi, alifuta miwani. Mbili nukta nane! Kwa masomo yote yale!

Wanahesabu juu ya 4, na kupita ni 2.5. Ukiigeuza kwa hesabu yetu, 2.5 ni asilimia 62 na nusu, yaani mtu anayepata kile ambacho shule nyingi za Kongo zingeita satisfaction tayari yuko ukingoni. Ile 2.8 ilikuwa asilimia 70. Kwetu ni distinction, na kwao ni kijana wa kawaida aliyechoka. Kwa hiyo usimuulize "umekuwa wa ngapi?" Aliyeanguka kabisa hafukuzwi jeshini moja kwa moja, mara nyingi hupewa kazi nyingine majini. Hilo mwambie wewe kabla hajaogopa kukuambia yeye.

4. Kinu usimuulize

Hawezi kujibu. Daftari na vitabu vyake ni vya siri, havitoki kwenye jengo, na simu haiingii. Ndiyo maana baada ya darasa anabaki humo humo akisoma mpaka usiku, nawe unadhani amekusahau.

Lililo wazi kwa kila mtu ni hili: nyuklia inatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, mashine inazungusha pangaboi. Bibi aliridhika pale tulipofika kwenye maji ya kuchemka. Nyambizi ya kwanza ya namna hiyo, Nautilus, iliondoka bandarini kwa nguvu za nyuklia tarehe 17 Januari 1955. Mtu wa Goma akisikia 17 Januari anakumbuka jambo jingine, lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ikishuka katikati ya mji. Baba wa Nautilus, Hyman Rickover, alizaliwa Polandi akaletwa Marekani mtoto mdogo, na jengo kubwa la shule ile lina jina lake. Habari hiyo ilimfurahisha mpwa wangu kuliko zote, naye aliingia Marekani akishika mkono wa mtu.

Na kulipuka? Kinu cha meli hakilipuki kama bomu. Lakini bibi asidanganywe: Marekani ilipoteza nyambizi mbili za nyuklia pamoja na wote waliokuwamo, Thresher mwaka 1963 na Scorpion mwaka 1968, na tangu hapo haijapoteza nyingine baharini. Kuhusu mionzi, kila anayefanya kazi karibu na kinu huvaa kipimo kidogo mwilini, na kinasomwa na kuandikwa. Atatokea pia mjomba wa kukumbusha urani ya Shinkolobwe iliyochimbwa Katanga ikaishia kwenye bomu la Hiroshima. Mwacheni amalize, ni historia yetu pia.

5. Grupu ya vita na grupu ya mtoto zisiwe moja

Hapa ndipo tulipokosea zaidi. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, grupu yetu ya watu arobaini na mbili ikajaa video: risasi, maiti, maduka yaliyovunjwa, sauti za watu wasiojulikana wakisema mtaa fulani umekwisha. Nusu ya hizo hazikuwa hata za Goma. Umeme ulikatika, mtandao ukawa wa kubahatisha, na sisi tuliokuwa chini ya vitanda hatukujua kwamba kila kipande cha video kilikuwa kikimfikia kijana mmoja South Carolina usiku wa manane, akiwa na mtihani asubuhi. Kwa siku nne hakulala. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anahesabu majina ya waliokuwa bado "online".

Tukafungua grupu ya pili yenye watu watano tu. Sheria yake ni ujumbe mmoja kila siku, wenye majina: "Bibi yupo, mama yupo, mapacha wapo, tumekula." Siku isiyo na mtandao, aliyefika kwenye mawimbi kwanza anaandika kwa niaba ya wote. Habari mbaya haiandikwi wala kutumwa kama video. Mtu mmoja aliyeteuliwa anapiga simu na kusema kwa mdomo wake. Kwetu ni shangazi, kwa sababu ana sauti ya polepole na halii kabla ya kumaliza sentensi.

Kumficha mambo si dawa. Tulijaribu wiki moja, akasoma habari kwengine, akaacha kutuamini.

Jambo moja zaidi la grupu hiyo ndogo. Kuna siku dada yake alibonyeza kurekodi kwa makosa akiwa jikoni, ikaenda sekunde arobaini za bibi akitwanga sombe, mchi ukigonga, jogoo wa jirani akiingilia. Tulitaka kuifuta. Akajibu: "Leteni nyingine."

6. Majina yaandikwe vizuri mara moja tu

Kazi hii hapewi asiye raia wa Marekani, na lazima apitiwe na uchunguzi wa kumpa ruhusa ya kushika siri. Katika fomu ndefu za uchunguzi huo anaandika baba, mama, kaka na dada zake popote walipo: jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, anwani.

Hapo familia ya Kikongo inatoka jasho. Mama kwenye kadi ya uchaguzi ana jina moja, kwenye karatasi za ubatizo jina jingine, kwenye faili la ukimbizi herufi mbili zimebadilika kwa sababu karani alisikia vibaya. Tarehe ya kuzaliwa ni "mwaka wa mafuriko". Anwani ni "nyuma ya kanisa, uliza Mama Mapacha". Kaeni chini jioni moja, pigeni picha kila karatasi iliyopo, andikeni majina yote aliyowahi kuitwa kila mtu, na mtu mmoja aliyeko Marekani azitunze. Kila akiuliza, apate jibu lile lile.

Kuwa na mama Goma si kosa mbele ya wachunguzi. Kumficha mama, au kutaja tarehe tatu tofauti za kuzaliwa kwake, ndiko kunakoleta maswali. Kaka yake aliyewahi kubeba bunduki huko msituni naye asifichwe. Mtoto aseme mwenyewe kabla hajaulizwa.

7. Sambaza zibaki samaki

Goma sambaza ni samaki wa Kivu, wa kukaanga. Picha ya kijana mwenye uniform haisambazwi. Usiiweke kwenye status, wala usiibebe kwenye simu unayovuka nayo vizuizi, kwa sababu mwenye bunduki akiuliza "huyu ni askari wa nani?" utatumia asubuhi nzima kumweleza Great Lakes ni wapi. Ichapishe, itundike sebuleni.

Usiongeze mtu kwenye grupu bila kumuuliza mtoto. Anaweza kuulizwa juu ya watu wa nje anaowasiliana nao, na hataki kueleza namba ya fundi pikipiki wa binamu yake. Meli gani, inaondoka lini, iko wapi: hayo hayaandikwi hata kwa mafumbo.

Na matapeli. Siku moja namba mpya yenye picha yake iliandika kwamba amekamatwa bandarini, zitumwe dola mia mbili haraka kwa M-Pesa. Bibi alijibu kwa Kinande: "Kuku wetu aliyekufa alikuwa rangi gani?" Kimya mpaka leo. Kila nyumba iwe na swali lake la kuku.

8. Pesa

Muulize mara moja kwa mwaka anaweza kutoa nini kwa mwezi, mkubaliane, muishie hapo. Banki za mjini zilipofungwa mwaka 2025 tulizoea simu na kuvuka Gisenyi, na kila njia ina makato yake. Hesabuni makato kabla ya kumwita mchoyo. Kijana aliyetangaziwa bonasi ya kujiunga haipati yote siku moja.

9. Msiba upite mlango wake

Akifa mtu wa karibu au kulazwa vibaya, kumwandikia tu hakumpi ruhusa ya kuondoka. Ndugu aliyeko Marekani awapigie Msalaba Mwekundu wa Marekani, mchana au usiku, bila malipo. Wao huthibitisha kwanza kwa hospitali au mamlaka, ndipo wanampelekea mkubwa wake ujumbe. Kwa hiyo mkiwa bado wodini ulizeni jina la daktari na namba ya hospitali inayopokelewa kweli. Ruhusa inatolewa na mkubwa wake, na safari ya kuja Kivu inaweza kukataliwa kwa sababu za usalama. Hapo usimlaumu mtoto.

10. Vimya ni viwili

Kuna kimya cha moyo. Ukisikia anajibu "sawa" kila kitu, hali chakula, hapendi tena utani, au anatania kwamba heri asingezaliwa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mwombeeni, ndiyo, lakini usiku huo huo ndugu wa Marekani ampigie simu ampate hewani. Kasisi wa jeshini anaweza kumsikiliza bila kumwambia mkubwa wake lolote, na namba 988 inapokelewa saa zote.

Kuna pia kimya cha nyambizi. Wetu alipomaliza alipelekwa huko, na nyambizi ikiwa chini ya maji hakuna simu, hakuna picha, kwa majuma au miezi. Barua-pepe hupita pale chombo kinapoweza kupokea, zinakuja kwa mafungu na kwa mchanganyiko. Basi andika namba juu ya kila barua, ajue ya kuanza nayo. Bibi anamwambia dada wa kijana la kuandika, anasisitiza namba itangulie. Juzi walifika 31. Namba 30 yote ilikuwa juu ya bei ya makala ya kupikia.