Bao la kujifunza na bao la Kiswahili: sheria chache au nyingi?



Vijana wenzangu, nikiwa likizo Tarime au Mugumu naulizwa sana: "Frateri, Yesu alitupa amri kuu mbili tu. Kwa nini Kanisa lina sheria nyingi hivi?" Wengine wameshaanza kukaa pembeni kwa sababu hiyo. Leo nijibu kwa mchezo wa bao.

Ubao ni ule ule: mashimo 32, kete 64. Kwenye bao la kujifunza, kila shimo lina kete 2, mnaanza kucheza. Basi. Mgeni anaelewa kabla chai haijapoa.

Bao la Kiswahili ni habari nyingine. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 22 zinabaki akiba. Kila zamu unanamua, yaani unaingiza kete moja. Ukiweza kula, lazima ule. Halafu kuna nyumba: katika kula, kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako, unachagua kulala au kuendelea na safari. Akiba ikiisha, ndipo mnaingia mtaji.

Umeona? Sheria moja inakubana, nyingine inakupa nafasi ya kuamua. Lakini lengo la michezo yote miwili ni moja: kumaliza kete za mstari wa mbele wa mwenzako, au kumwacha hana pa kucheza. Anayekariri sheria zote akasahau lengo, atafungwa tu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni mpango wa akili kwa ajili ya manufaa ya wote. Kwa hiyo, kabla ya kuzihesabu, uliza zinahudumia nini. Sheria za Kanisa la Kilatini za mwaka 1983 zina kanuni 1,752, na ile ya mwisho kabisa inakumbusha kwamba wokovu wa roho ndio sheria kuu. Kumbe hata wingi huo unarudi kwenye upendo wa Mungu na jirani!

Basi wewe unayejua mengi, usimcheke anayeanza. Mwekee kete mbili mbili kwanza. Na wewe unayeanza, usiishie hapo. Bao lina utamu mbele.

Tafakari wiki hii: ni sheria gani ya Kanisa naiona mzigo, na inalinda nini?

Mungu awabariki.