Fundi wa bustani za kale

1. Mwaka 1930, katika mji wa Williamsburg, nchi ya Marekani, wafanyakazi walikuwa wakichimba udongo mahali pa jumba la zamani la gavana. Walipofika penye bustani ya kale, wakakuta mifupa ya watu. Wakaendelea polepole, wakaona makaburi zaidi ya 150. Watu hao walikuwa nani? Na kwa nini walizikwa bustanini?

2. Tangu mwaka 1699 mpaka mwaka 1780 Williamsburg ulikuwa mji mkuu wa Virginia. Waingereza walipotawala huko, gavana wao alikaa katika jumba kubwa la matofali, lenye bustani nzuri nyuma yake. Kisha vita ya uhuru ikaja. Mwaka 1781 jumba lile likawa hospitali ya askari waliojeruhiwa. Wengi walikufa, wakazikwa palepale bustanini. Mwezi wa Desemba mwaka uleule jumba likaungua. Mji mkuu ulikuwa umekwisha kuhamishwa Richmond. Basi, Williamsburg ukabaki mji mdogo, na bustani ikamezwa na majani.

3. Mwaka 1926 mchungaji mmoja wa mji, jina lake W. A. R. Goodwin, alimshawishi tajiri John D. Rockefeller mdogo atoe fedha, ili mji ufanywe tena kama ulivyokuwa zamani. Mafundi wa nyumba wakaja. Lakini nyumba bila kiwanja chake haisemi habari yote ya wenyewe. Kwa hiyo mwaka 1928 akaitwa fundi wa bustani, Arthur Shurcliff.

4. Shurcliff alizaliwa Boston mwaka 1870. Kwanza alisoma ufundi wa mashine, akamaliza mwaka 1894. Lakini moyo wake ulipenda miti, mashamba na vijiji vya zamani. Siku zile katika Marekani hapakuwa bado na chuo kikuu chenye kufundisha kazi ya kupanga bustani. Yeye hakukata tamaa. Aliingia chuo cha Harvard, akasoma masomo mbalimbali yenye kumfaa mpaka mwaka 1896. Halafu akafanya kazi miaka minane katika ofisi ya akina Olmsted, waliosifiwa sana kwa kazi hiyo. Hata alisaidia kuanzisha mafundisho ya kazi hiyo pale Harvard. Mwaka 1904 akafungua ofisi yake mwenyewe. Kwao Boston, kazi yake moja ni kupanga kingo za mto Charles, watu wapate kutembea na kupumzika.

5. Sasa huko Williamsburg alipewa neno gumu. Nyumba ikianguka, huacha misingi ya mawe au matofali. Lakini ua likinyauka, huacha nini? Shurcliff akatafuta mashahidi watatu.
Shahidi wa kwanza alikuwa udongo. Wachimbaji waliona misingi ya kuta na ngazi za kale. Tena matuta na mfereji wa maji vilikuwa vinaonekana bado.
Shahidi wa pili alikuwa picha. Mwaka 1929, katika maktaba ya Bodleian, mji wa Oxford, nchi ya Uingereza, lilionekana bamba la shaba lililochongwa zamani. Juu yake palikuwa na sura ya jumba la gavana pamoja na sehemu ya bustani yake.
Shahidi wa tatu alikuwa bustani nyingine za wakati ule. Shurcliff alizunguka katika mashamba ya kale ya Virginia, akapima mabaki yao na kuyachora.

6. Mwaka 1934 jumba jipya likafunguliwa. Nyuma yake watu waliona vitalu vya maua vilivyopimwa kwa kamba, na miti midogo iliyokatwa sawasawa. Waliona pia mahali penye njia nyingi zenye kupinda kati ya kuta za miti, ambapo mgeni hupotea akicheka. Shurcliff alifuata mfano wa bustani ya Hampton Court, katika Uingereza. Lakini makaburi ya askari hayakuondolewa. Yaliachwa mahali pake, yakapewa heshima.

7. Shurcliff aliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 1941, akafa mwaka 1957. Baada yake wataalamu walijifunza kuusoma udongo vizuri zaidi. Hata shimo la nguzo iliyooza huacha rangi yake katika udongo. Kumbe, nyuma ya nyumba nyingi hapakuwa na bustani za fahari kama zile alizopanda! Palikuwa na jiko, kisima, kuni, kuku na mboga. Mahali ambapo mashahidi walinyamaza, Shurcliff alikuwa amejaza uzuri wa moyo wake mwenyewe.

8. Tena kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Zamani karibu nusu ya watu wa Williamsburg walikuwa watu weusi, na karibu wote walikuwa watumwa. Ndio waliochota maji, waliopasua kuni na kulima. Bustani safi mno hazikuonyesha jasho lao. Mgeni aliona maua, hakuuliza nani aliyeyamwagilia.

9. Je, bustani za Shurcliff zing'olewe? Nyingi zimeachwa, kwa sababu nazo sasa ni kazi ya zamani, na ufundi wake ni mkubwa. Lakini wageni hufundishwa kupambanua yaliyoshuhudiwa na yaliyodhaniwa. Anayesimulia habari za wazee afanye vilevile: aulize kwanza, na pasipo na shahidi asiseme kwamba anajua.

Maneno
Bamba: kipande chembamba na kipana cha chuma au shaba.
Kitalu: sehemu ya bustani iliyopimwa kwa kupandwa.
Kupambanua: kutenga jambo moja na jingine.

Maswali
1. Kwa nini askari walizikwa katika bustani ya gavana?
2. Taja mashahidi watatu wa Shurcliff.
3. Alikosa wapi?
4. Bustani zake zilificha kazi ya nani?

Zoezi
Chora kiwanja cha shule. Muulize mzee mmoja palikuwa na nini hapo zamani. Andika upande mmoja aliyoyaona kwa macho, na upande wa pili anayoyadhani tu.